Je, Wajua? Jezi ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Pengine hawakuwahi kukaa jukwaani Jumamosi jioni. Jezi nyingi zinazotutoa machozi zilianza kwa kuombwa, kuigwa, au kununuliwa kwa sababu dukani ile iliyotakiwa ilikuwa imekwisha. Shika kikombe chako cha kahawa, twende.

Je, wajua kwamba Juventus ilianza kwa kuvaa pinki? Wanafunzi wa Turin waliianzisha mwaka 1897, na jezi zao za mwanzo zilikuwa za pinki, ambazo kila zilipofuliwa zilizidi kupauka. Mwaka 1903 wakamwomba mwenzao mmoja Mwingereza, John Savage, awatafutie jezi mpya kwao. Savage alikuwa na rafiki mjini Nottingham, na rafiki huyo alikuwa shabiki wa Notts County. Sasa shabiki ukimwagiza jezi, unategemea akuletee za nani? Mzigo ulipofunguliwa Turin zikatoka jezi za milia nyeusi na nyeupe. Waitaliano wakazivaa, na pundamilia wakazaliwa.

Deni hilo halikusahaulika. Tarehe 8 Septemba 2011, Juventus ilipofungua uwanja wake mpya, haikuwaalika Real Madrid wala Bayern Munich. Iliwaita Notts County, klabu ya mwaka 1862, ambayo wakati huo ilikuwa daraja la tatu Uingereza. Mechi ikaisha sare ya 1-1. Kibibi Kizee cha Turin kumwalika aliyemvika nguo ya kwanza ya maana: huo ni uungwana ambao soka la pesa limebakiza kidogo mno. Na pinki? Ilirudi baadaye kama jezi ya ugenini, ikauzwa kama kitu kipya kabisa.

Je, wajua kwamba kuna taifa zima lililovaa kama Juventus kwa makusudi? Kombe la Dunia la 1990, Costa Rica ilipangiwa kucheza na Brazil mjini Turin. Kocha Bora Milutinović, mjanja wa mji, akawavalisha vijana wake milia nyeusi na nyeupe. Nyumbani Costa Rica ilisemwa kwamba ni heshima kwa La Libertad, klabu kongwe ya huko yenye rangi hizo. Watu wa Turin walijionea tu jezi yao wenyewe ikipambana na Brazil, na wakaishangilia. Brazil ilishinda 1-0, lakini Costa Rica, waliokuwa wageni kabisa kwenye mashindano hayo, walivuka kwenda raundi ya pili.

Hapo bado tunazungumzia kuiga. Kuna waliozianua jezi za wenzao kutoka kamba ya kuanikia, kama mtu aliyeamka siku ya harusi akakuta shati lake limeliwa na panya.

Kombe la Dunia 1934, Naples. Austria na Ujerumani wanagombea nafasi ya tatu, wote wamekuja na nyeupe. Austria ikaazima jezi za buluu za Napoli. Ikafungwa 3-2.

Kombe la Dunia 1950, Porto Alegre. Uswisi wamevaa nyekundu, Mexico wamevaa damu ya mzee. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Mexico ikaazima jezi za milia za Cruzeiro, klabu ya mjini hapo (si ile Cruzeiro maarufu ya Belo Horizonte). Ikafungwa 2-1.

Kombe la Dunia 1958, Malmö. Milia ya Argentina inagongana na nyeupe ya Ujerumani Magharibi. Argentina ikatoka uwanjani ikiwa ya njano, jezi za IFK Malmö. Ikafungwa 3-1.

Mpaka hapo wahenga wanaongoza mabao matatu kwa sifuri. Halafu ikaja Juni 1978, Mar del Plata, Argentina. Ufaransa na Hungaria walikuwa wameshatolewa, wamebakiza mechi ya kukamilisha ratiba, na kila upande ukafika uwanjani na masanduku ya jezi nyeupe. Watu wakakimbizwa mjini kutafuta. Mechi ikachelewa, mashabiki wakapiga miluzi, mwishowe Wafaransa wakaingia na milia ya kijani na nyeupe ya Kimberley, klabu ndogo ya mji huo. Baadhi ya wachezaji namba za mgongoni hazikulingana na zile za kwenye bukta, kwa kuwa bukta zilikuwa zao na jezi za watu. Ufaransa ikashinda 3-1. Mwongo mmojawapo: mimi au methali.

Je, wajua kwamba Simba wamewahi kuitwa Sunderland? Wazee wa Msimbazi wanalijua hili kama wanavyojua majina ya wajukuu wao, lakini ukimwambia kijana wa leo atakuuliza umelitoa mtandao gani. Klabu ilizaliwa 1936, ikapitia majina ya Queens na Eagles, kisha ikatulia kwenye Sunderland, jina la klabu ya kaskazini mashariki mwa Uingereza ambayo mwaka huohuo wa 1936 ilitwaa ubingwa wa ligi ya kwao. Ligi yetu ya taifa ilipoanza 1965, bingwa wa kwanza aliandikwa Sunderland, na 1966 akaandikwa tena yeye yule. Jina la Simba lilikuja mwaka 1971. Nyekundu na nyeupe za Msimbazi ndizo rangi za Sunderland ile hadi leo.

Wana Jangwani msicheke sana. Young Africans nalo si jina la Kizaramo.

Sunderland wenyewe, kwa upande wao, walikaa hadi mwaka 2000 ndipo mashabiki wakapiga kura kuchagua jina la utani. Wakachagua Paka Weusi. Kwa hiyo mtoto ni simba, mzazi ni paka.

Na ukoo huu ni mpana kuliko unavyodhani. Mwaka 1899 viongozi wa Sparta Rotterdam ya Uholanzi walisafiri hadi Uingereza, wakaiona Sunderland ikicheza, wakarudi nyumbani na wazo: milia nyekundu na nyeupe, bukta nyeusi. Mwaka 1911 ikapanda daraja timu ya Amsterdam iliyokuwa na jezi kama hiyohiyo. Mgeni ndiye anayepisha, kwa hiyo timu hiyo ikalazimika kubuni nyingine: nyeupe yenye mkanda mmoja mpana mwekundu katikati. Timu hiyo ni Ajax. Jezi aliyokuja kuivaa Johan Cruyff, na ambayo watoto wa nusu ya dunia waliichora kwenye madaftari, ilitokana na kukatazwa kuvaa nguo inayofanana na ya Sunderland. Mwana Msimbazi akikutana na mwana Ajax, wana la kuongea.

Je, wajua kwamba Athletic Bilbao na Atlético Madrid wamevaa mzigo mmoja? Athletic ilivaa mwanzoni buluu na nyeupe, nusu kwa nusu, kwa mtindo wa Blackburn Rovers. Mwishoni mwa 1909 mwanachama mmoja kijana, Juan Elorduy, akiwa Uingereza, aliagizwa arudi na jezi nyingine za Blackburn. Akazunguka, hakupata za kutosha. Muda wa meli ukafika, naye yuko bandarini Southampton mikono mitupu. Timu ya mji ule ilikuwa inavaa milia nyekundu na nyeupe, na jezi zake zilikuwa zimejaa madukani. Akanunua hamsini, akapanda meli. Bilbao wakakumbuka kwamba nyekundu na nyeupe ni rangi za bendera ya mji wao, wakasema heri.

Hamsini ni nyingi kwa timu moja. Sehemu ya mzigo ikaenda Madrid, ambako wanafunzi wa Kibaski walikuwa wamefungua tawi mwaka 1903. Tawi hilo lilichukua jezi mpya lakini likabaki na bukta zake za zamani za buluu, na ndiyo maana hadi leo Atlético Madrid ni milia myekundu na myeupe juu, buluu chini. Ukiitazama vizuri, jezi ile ni historia ya duka lililoishiwa bidhaa.

Jina lao la utani huko Hispania ni watengeneza magodoro, kwa sababu kitambaa cha foronya za magodoro ya zamani kilikuwa cha milia ya namna hiyo. Aliyelalia godoro la sufi kwa bibi yake, lile la kitambaa cha milia linalochoma kiuno, ataelewa mara moja.

Sasa kaa vizuri, maana hii ni ndefu.

Je, wajua kwamba wekundu wa Arsenal unaweza kuwa ulianzia machinjioni? Inasimuliwa kwamba mwaka 1843, jenerali wa Kiitaliano Giuseppe Garibaldi, akipigana upande wa Montevideo nchini Uruguay, alihitaji sare za bei nafuu kwa askari wake wa kujitolea. Ghalani palikuwa na mashati mekundu yaliyokusudiwa wafanyakazi wa machinjio ng'ambo ya mto, Argentina. Nyekundu, kwa sababu ambayo kila mchinjaji anaijua. Garibaldi akayachukua. Mwaka 1860, akiwa ameshairudia Italia, alipoongoza wapiganaji wake kuiunganisha nchi, mashati mekundu yakawa maarufu Ulaya yote.

Vijana wa Nottingham walimhusudu. Mwaka 1865 walipoanzisha Nottingham Forest, walinunua kofia kumi na mbili nyekundu kwa heshima yake. Wakati huo timu nyingi zilitofautishwa kwa kofia na mikanda kuliko kwa mashati.

Mwaka 1886 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London, walianzisha timu. Fedha za jezi hawakuwa nazo. Wawili kati yao, Fred Beardsley na Morris Bates, walikuwa wamewahi kuchezea Forest, wakaandika barua nyumbani kuomba msaada. Forest ikatuma seti ya jezi nyekundu na mpira mmoja. Timu hiyo ndiyo Arsenal. Kwa hiyo wana Arsenal wa Kariakoo, Gikomba na Kampala, ambao kelele zao mnazijua, jezi yenu ni ya msaada. Ile mikono myeupe iliongezwa na kocha Herbert Chapman mwaka 1933.

Msaada huo ukazaa wajukuu. Rais wa Sparta Prague aliiona Arsenal ikicheza London mwaka 1906, akarudi kwao na nyekundu iliyokolea ambayo Arsenal ilikuwa ikiivaa enzi hizo. Sparta wanaivaa mpaka leo. Braga ya Ureno wana mwili mwekundu na mikono myeupe, na wanaitwa kwa jina hilohilo, Arsenalistas, wala hawaoni aibu.

Lakini kipande kitamu zaidi cha safari hii ni kingine. Mwaka 1905 Nottingham Forest ilifanya ziara Argentina. Klabu changa ya Independiente, iliyokuwa ikivaa nyeupe, ikavutiwa na wageni wale wekundu, na mwaka 1908 ikabadili rangi ikawa nyekundu. Independiente ni ya Avellaneda, mji wa viwanda na machinjio kando ya Buenos Aires. Shati jekundu lilitoka kwa wachinja ng'ombe wa Argentina, likapigana Uruguay, likaunganisha Italia, likacheza mpira Uingereza, likarudi kwa wachinja ng'ombe. Independiente ikaenda kutwaa Kombe la Libertadores mara saba, na hakuna klabu iliyolichukua mara nyingi zaidi.

Tupumue kwa za haraka haraka.

Je, wajua kwamba Leeds United walikuwa wa buluu na njano? Kocha Don Revie alipoipokea timu mwaka 1961, ikiwa daraja la pili na haina jina, aliivalisha nyeupe tupu kuanzia shingoni hadi soksi, kama Real Madrid iliyokuwa imetoka kuchukua makombe matano ya kwanza ya Ulaya mfululizo. Leeds ikawa bingwa wa Uingereza 1969 na tena 1974.

Burnley walivaa kijani hadi 1910. Aston Villa walipokuwa mabingwa mwaka huo, Burnley wakahamia damu ya mzee na buluu za Villa, wakidhani labda ubingwa unakaa kwenye kitambaa. Mwaka 1921 wakawa mabingwa.

Crystal Palace nao waliwahi kuvaa rangi za Villa. Mwaka 1973 kocha Malcolm Allison akazitupa, akachukua nyekundu na buluu za Barcelona. Hakutosheka. Akaondoa na jina la utani la zamani, Mafundi Vioo, akaleta Tai, kwa kuiga tai wa Benfica ya Ureno. Jezi ya Hispania, ndege wa Ureno, timu ya kusini mwa London: huyo alikuwa mteja wa mitumba aliyejua kuchagua.

Barcelona wenyewe wameupata wapi mchanganyiko wao? Wengine husema mwanzilishi Joan Gamper aliutoa Basel, Uswisi, alikowahi kuchezea. Wengine husema uliletwa na ndugu wa Kiingereza kutoka shule yao. Wakatalunya wamebishana kwa zaidi ya karne moja na hawana haraka.

Boca Juniors wa Argentina hawakuiga klabu yoyote. Inasimuliwa kwamba walikubaliana kuchukua rangi za bendera ya meli ya kwanza itakayoingia bandarini. Ikaingia ya Uswidi. Ndiyo ile buluu na njano.

Real Salt Lake ya Marekani, iliyoanza kucheza 2005, ilichukua neno lake la kwanza kwa Real Madrid. Neno hilo maana yake ni "ya kifalme", na Madrid walipewa na Mfalme Alfonso wa 13 mwaka 1920. Mfalme wa Utah bado anasubiriwa.

Kuna Everton nchini Chile, ya mwaka 1909, iliyopewa jina baada ya Everton ya Uingereza kuzuru Amerika Kusini. Kuna Liverpool mjini Montevideo, ya mwaka 1915, yenye jina la bandari zilikotoka meli za makaa ya mawe. Inavaa nyeusi na buluu, na mwaka 2023 ikatwaa ubingwa wa Uruguay kwa mara ya kwanza. Na kuna Barcelona ya Guayaquil, Ekuado, iliyoanzishwa 1925, ambayo nembo yake ukiitupia jicho moja utaapa ni ile ya Camp Nou. Jezi yao lakini ni ya njano.

Corinthians wa São Paulo ni wa aina yao. Mwaka 1910 timu ya ridhaa ya London iliyoitwa Corinthian ilizuru Brazil. Wafanyakazi wa reli waliotazama mechi zile wakaanzisha klabu mwezi Septemba na kuchukua jina. Jezi za kwanza zilikuwa rangi ya maziwa, zikafuliwa mpaka zikawa nyeupe, ikaamuliwa ziwe nyeupe. (Unaona sabuni ilivyo na mkono katika historia ya soka?) Mwaka 2012 Corinthians wakaifunga Chelsea na kuwa mabingwa wa dunia wa klabu. Wale wa London wameungana na klabu nyingine, wanaitwa Corinthian-Casuals, bado ni wa ridhaa, wanacheza madaraja ya chini. Januari 2015 walialikwa São Paulo, wakafungwa 3-0, wakashangiliwa kama wafalme.

Siku hizi kuiga kumebadilika sura. Zamani timu ilikwenda dukani ikachagua kati ya rangi chache zilizokuwepo. Leo viwanda vikubwa vya jezi hutengeneza kiolezo kimoja kwa msimu: kola ileile, mkato uleule wa mabegani, kisha hubadilishwa rangi na nembo tu. Timu ya taifa na klabu ya daraja la pili zinaweza kuvaa shati moja bila kujuana. Nembo husajiliwa kama alama ya biashara na ukiiiga unaweza kushtakiwa, lakini milia na mikanda haina mwenyewe.

Au rangi inakuja na tajiri. Melbourne Heart ya Australia ilikuwa nyekundu na nyeupe. Wenye Manchester City walipoinunua mwaka 2014, ikawa Melbourne City, na baadaye ikavaa buluu ya mbingu. Ajax Cape Town ilibeba nembo ya Ajax ya Amsterdam kuanzia 1999, ushirika ukavunjika 2020, nembo ikavuliwa. Salzburg, Austria, kampuni ya vinywaji iliponunua klabu mwaka 2005 na kufuta rangi ya zambarau, mashabiki waliondoka na kuanzisha klabu yao, wakaanzia daraja la chini kabisa, wamevaa zambarau. Hao nawavulia kofia.

Ya mwisho ni ya hapa Afrika. Je, wajua kwamba yule chifu mwenye taji la manyoya kwenye nembo ya Kaizer Chiefs ni wa Marekani? Kaizer Motaung wa Soweto alikwenda kuchezea Atlanta Chiefs mwaka 1968, akang'ara mpaka akatajwa mchezaji chipukizi bora wa ligi. Atlanta walikuwa moto mwaka huo: waliifunga Manchester City, mabingwa wa Uingereza, mara mbili katika ziara moja. Motaung aliporudi nyumbani alianzisha klabu yake Januari 1970. Akaweka jina lake mbele, akachukua "Chiefs" ya Atlanta, na chifu wao akamweka kifuani.

Miaka ikapita, beki Lucas Radebe akatoka Kaizer Chiefs kwenda Leeds, akawa nahodha anayependwa kupita kiasi. Vijana wa huko wakaanzisha bendi ya muziki, wakaiita Kaiser Chiefs kwa heshima ya klabu yake ya zamani, tofauti ni herufi moja tu.

Mei 2021, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika: Sunderland ya zamani ya Dar es Salaam dhidi ya Chiefs ya Soweto. Johannesburg, Simba walichapwa 4-0. Wiki moja baadaye nyumbani, Uwanja wa Mkapa, walirudisha tatu, wakapungukiwa moja, na Chiefs wakaenda hadi fainali. Wenye chifu wao, Atlanta Chiefs, walikuwa wameshavunjika, wakafufuliwa, wakavunjika tena tangu 1981.